Kalenda ya Mbugani kwa Mfuko wa Mwenyeji

Ukifungua kijitabu cha kampuni yoyote ya utalii pale Arusha, ushauri ni uleule: njoo Julai hadi Oktoba, kimbia Aprili na Mei. Ushauri wenyewe hauna uongo. Ila aliyelengwa ni mtu wa Frankfurt au Chicago, aliyekata tiketi ya ndege kwa mamilioni ya shilingi, mwenye likizo ya wiki mbili na ambaye huenda asirudi tena maishani mwake. Mtu huyo hana nafasi ya kubahatisha na mawingu. Nesi wa Moshi, mwalimu wa Mwanza au mwenye duka Kariakoo ana hesabu tofauti kabisa. Mbuga haiko mbali naye kiasi hicho, mwakani itakuwepo, na kinachomfunga zaidi ni ratiba ya shule za watoto na mshahara wa mwisho wa mwezi. Akiifuata kalenda ya mgeni atalipa bei ya mgeni, mara nyingi bila kujua.

Tuanze langoni. Kwa viwango vya miaka hii vya Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania (TANAPA), raia wa Afrika Mashariki huingia Serengeti kwa shilingi 10,000, ambazo zikiongezwa VAT ya asilimia 18 zinakuwa 11,800 kwa siku. Mtoto wa miaka 5 hadi 15 hulipa 2,360 pamoja na kodi, na aliye chini ya hapo halipi. Mgeni mtu mzima analipa dola 70 kabla ya kodi, yaani dola 82.60 kamili. Kuanzia katikati ya Machi hadi katikati ya Mei mgeni huyo hushushiwa hadi dola 60, kwa hiyo mume na mke wa kigeni wakija masika wanaokoa dola 23.60 kwa siku. Baba, mama na watoto wawili wa shule ya msingi kutoka Shinyanga watalipa 28,320 kwa siku mwezi Februari, watalipa hiyohiyo Aprili, na hiyohiyo Agosti. Bei yetu ya langoni haina msimu.

Upande wa pili wa mpaka, nchini Kenya, tofauti imeandikwa waziwazi zaidi. Tangu Julai 2024 mgeni anayeingia Maasai Mara hulipa dola 100 kwa siku kuanzia Januari hadi Juni, na dola 200 kuanzia Julai hadi Desemba, na tiketi yenyewe ni ya saa 12 tu, asubuhi hadi jioni. Desemba nyumbu wengi wameshavuka kurudi Tanzania, lakini kibao cha bei hakijui hilo. Ni vizuri kulikumbuka jambo hili kila unapoonyeshwa jedwali la bei za misimu: bei hufuata tarehe, nyumbu hufuata mvua.

Kinachomaliza fedha za mwenyeji ni gari na malazi. Tuchukue mfano wa gari la utalii la kukodi kwa laki tano kwa siku, pamoja na dereva na mafuta. Bei halisi itategemea kampuni, umbali na jinsi unavyojua kuongea, lakini mfano unatosha. Kwa siku tatu hiyo ni milioni moja na nusu, wakati lango la Serengeti kwa ile familia ya wanne kwa siku hizo hizo tatu halifiki hata laki moja. Sasa fikiria mmemchukua shangazi na wanawe wawili, mkagawana gari nusu kwa nusu. Kila upande umeokoa 750,000. Sijaona punguzo la msimu linalokaribia kiasi hicho. Kwa hiyo kabla ya kuumiza kichwa kwa kalenda, umiza kichwa kwa viti: Land Cruiser ya mbugani hubeba abiria sita au saba, na kila kiti kinachokwenda kitupu umekilipia.

Mwenye gari lake mwenyewe asifurahi mapema. Bondeni Ngorongoro hawashuki ila wenye gari la kuvuta magurudumu yote manne, na gari linaloshuka lina ada yake mbali na ada ya watu waliomo. Kwa kampuni zinazopeleka wageni ada hiyo ya kushuka ni dola 250 kabla ya kodi, ndiyo maana safari za bei nafuu hupenda kuliruka bonde au kulitazama kutoka juu tu. Mkenya anayekuja na gari lake ajue kwamba gari lenye namba za nje hulipiwa kwa dola, hata kama yeye mwenyewe analipa kwa shilingi kama raia wa Jumuiya. Asitegemee pia kukata moja kwa moja kutoka Mara kwenda Serengeti: njia ya Bologonja ilifungwa kwa wasafiri tangu mpaka ulipofungwa mwaka 1977, na hadi leo nyumbu ndio wanaoitumia. Binadamu atazunguka Sirari au Namanga, na mzunguko huo ni mafuta na siku.

Malazi ndiyo yanayocheza na msimu. Hoteli na kambi nyingi za mbugani zina bei za aina tatu au nne kwa mwaka: ya juu ni Julai hadi Oktoba na wiki ya Krismasi, ya chini ni Aprili na Mei, na za kati ni zilizobaki. Ila zipo bei nyingine ambazo hazitangazwi sana, nazo ni bei za wakazi. Ziulizie kwa jina hilo hilo, ziulizie kwa barua pepe ili jibu lije kwa maandishi, na utaje kabisa kwamba wote mna vitambulisho vya NIDA au vyeti vya kuzaliwa. Ukijibiwa kwa dola, kumbusha kwa upole kwamba tangu Machi 2025 kanuni za Benki Kuu zinakataza kutaja na kutoza bei kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Wapo wanaojibu haraka sana baada ya kusoma sentensi hiyo. Asiyetaka hoteli ana hosteli na mabanda ya TANAPA pale Seronera, katikati ya Serengeti, au kambi za umma za kupiga hema kama Pimbi na Nyani, ambako gharama kwa raia ni ndogo kuliko chakula cha jioni hotelini. Fisi watapita usiku. Wanapita tu.

Jambo moja la saa kabla ya kufika kwenye miezi. Anayelala ndani ya hifadhi huhesabiwa kwa saa 24 tangu alipoingia. Madereva wa Arusha wanaijua hesabu hii kama wanavyojua majina ya watoto wao, na ndiyo sababu magari hukimbizana kuelekea lango la Naabi la Serengeti kila siku adhuhuri. Ukiingia saa saba mchana na kutoka kesho yake saa saba kasorobo, umelipa siku moja na umepata jioni moja na asubuhi moja, nyakati mbili ambazo simba hutembea. Ukiingia saa mbili asubuhi na kutoka kesho saa nne, umelipa mbili. Zaidi ya hapo, anayekwenda Serengeti kutokea Arusha na Karatu anakatiza eneo la Ngorongoro, kwa hiyo analipa huko pia, 11,800 kwa mtu mzima raia, hata kama hana haja na bonde. Akirudi njia hiyohiyo baada ya siku mbili, analipa tena.

Sasa miezi. Msimu wa Julai hadi Oktoba umejengwa juu ya picha moja: nyumbu wakijirusha Mto Mara huku mamba wakiwangoja. Nyumbu wa mfumo huu ni zaidi ya milioni moja, pamoja na pundamilia laki kadhaa na swala, na kwa miezi hiyo wengi wao huwa kaskazini, eneo la Kogatende na ng'ambo ya pili kule Mara. Picha hiyo ni ya kweli. Lakini kutoka Seronera hadi Kogatende ni saa tatu au nne nyingine za vumbi, na kutoka Arusha hadi Seronera peke yake ni zaidi ya kilomita 300, nusu yake barabara ya kutikisa figo. Maana yake safari ya Kogatende kwa gari haifai chini ya siku tano, na tumeshaona gari ni bei gani kwa siku. Kisha ukifika, nyumbu hawana ratiba. Wanaweza kusimama ukingoni kutwa nzima, wakasogea, wakarudi nyuma, wakala majani. Magari nayo yanajipanga. Julai 2025 zilisambaa video za watalii walioshushwa kwenye magari wakiwa wamesimama njiani mwa nyumbu pale mtoni, mpaka TANAPA ikatoa tamko. Kwa mwenyeji mwenye siku tatu na watoto wawili, huu ndio msimu ghali zaidi wa kwenda sehemu ya mbali zaidi kuona jambo lisilo na uhakika zaidi. Mimi nisingempeleka.

Kipindi hicho hicho, bei hiyo hiyo ya juu, Tarangire ni jambo jingine. Iko mwendo wa saa mbili kutoka Arusha, karibu yote lami. Kiangazi kinapokaza, mabwawa ya nyika za Simanjiro hukauka na tembo hurudi kwa mamia kwenye Mto Tarangire, kwa sababu ndio wenye maji. Mwezi Septemba unaweza kukaa mahali pamoja, gari limezimwa, ukahesabu makundi yakishuka kunywa kati ya mibuyu. Hakuna kukimbizana, hakuna kulala kwa lazima. Unaweza kuingia asubuhi na kurudi mjini jioni, na gharama ya malazi ikawa sifuri. Nenda huko huko mwezi wa Aprili utakuta majani yamefika kiunoni na tembo wengi wametawanyika nje ya hifadhi. Mbuga ileile, ada ileile, faida tofauti kabisa. Tahadhari ya mavazi: nguo za bluu na nyeusi huvuta mbung'o, na mbung'o wa Tarangire hawabembelezi.

Bonde la Ngorongoro halina haja ya kalenda. Lina ukubwa wa kilomita za mraba kama 260, kuta zake zinashuka kiasi cha mita 600, na wanyama wake wengi hukaa humo mwaka mzima, faru wakiwemo. Anayechagua msimu hapa anachagua baridi. Ukingo uko juu ya mita 2,200, na wakati wa kipupwe, Juni hadi Agosti, asubuhi huwa na ukungu mzito na baridi ya kuwatoa watoto machozi. Chukua makoti ya kweli.

Januari hadi mwanzoni mwa Machi ndio msimu ambao wenyeji wanaupuuza bila sababu. Vuli imepita, masika hayajaanza, na nyumbu wako kusini, kwenye nyanda za Ndutu, ambako majivu ya volkano za zamani na ya Ol Doinyo Lengai yamelisha majani mafupi yenye madini ambayo nyumbu jike anayenyonyesha anayahitaji. Februari wanazaa. Ndani ya wiki mbili tatu huzaliwa ndama laki kadhaa, na ndama husimama dakika chache baada ya kuanguka, maana fisi na duma wako pembeni wanangoja asiyesimama. Uwanda ni wazi, majani mafupi, hakuna pa kujificha. Sehemu kubwa ya Ndutu iko upande wa Ngorongoro, ambako gari huruhusiwa kuacha njia katika msimu huo, jambo lisiloruhusiwa Serengeti. Lala upande mmoja na utembee upande huo huo. Ukivuka mstari kwenda Serengeti kwa nusu saa tu umelipa lango la pili. Ubaya wa Februari ni mmoja na ni mkubwa: shule zimefunguliwa. Kwa wachumba, wastaafu, au wenye watoto ambao hawajaanza shule, siujui mwezi mwingine unaotoa uhakika wa namna hii. Ila kambi zinazohamahama na nyumbu hujaa mapema, na bei zake Februari si za chini tena kama zamani.

Masika je? Watu huyasema vibaya kuliko yanavyostahili, na wauzaji wa punguzo huyasifu kuliko yanavyostahili. Mvua nyingi hupiga alasiri au usiku, asubuhi huwa safi, vumbi hakuna, ndege wahamiaji kutoka Ulaya huwepo hadi Aprili, na hotelini mnaweza kujikuta peke yenu na mpishi. Huu ndio wakati bei za malazi zinaposhuka kweli. Lakini udongo mweusi wa mbuga ukilowa haushikiki. Gari likinasa saa tisa mchana, siku hiyo imekwisha na umeshailipia. Kambi kadhaa za hifadhi za Nyerere na Ruaha hufungwa kabisa Aprili na Mei. Na mto una siku zake: usiku wa kuamkia Mei 1, 2024, Mto Talek ulifurika na kuvamia kambi za Maasai Mara, na watu zaidi ya 90 wakaokolewa kwa helikopta na kwa gari. Kama unataka bei ya masika, nenda mahali penye barabara za juu na ardhi inayokauka haraka, uchague dereva mzoefu badala ya gari la bei rahisi, na uombe hoteli iandike kwamba tarehe zinaweza kusogezwa bila faini. Wakikataa kuandika, punguzo hilo wabaki nalo.

Wa Dar es Salaam wana njia yao. Tangu 2024 treni ya umeme inawafikisha Morogoro kwa nauli ya kawaida iliyopangwa kuwa 13,000, na kutoka hapo Mikumi haifiki saa mbili kwa gari. Ada ya Mikumi iko chini ya ile ya Serengeti, barabara kuu ya kwenda Iringa inakatiza hifadhi kwa kilomita 50, na nyanda za Mkata kuanzia Juni hadi Oktoba huwa wazi kiasi kwamba gari dogo la kawaida linapita njia kuu za ndani bila shida. Kukodi gari Morogoro badala ya kulitoa Dar kunapunguza siku moja ya gari. Mwezi Aprili usiende. Mkata inakuwa tope. Nyerere, iliyomegwa kutoka Selous mwaka 2019, ina boti za Mto Rufiji ambazo Mikumi haina, lakini barabara zake na kambi zake hugharimu mara kadhaa, na ni mahali pa Agosti na Septemba.

Familia za Kenya zina tatizo kubwa zaidi la kalenda kuliko sisi. Likizo yao kubwa ya katikati ni Agosti, yaani kilele chenyewe cha Mara, na hakuna hoteli inayoshusha bei Agosti. Mzazi wa Nairobi mwenye uvumilivu angengoja likizo ya Novemba: vuli ni mvua za vipande, vumbi limelala, bei nyingi za malazi zimeshuka mpaka wiki ya Krismasi, na nyumbu wanapita mashariki ya Serengeti kurudi kusini. Wasiwasi wake ni kwamba vuli haina adabu. Mwaka 2023, wa El Niño, ilinyesha kama masika.

Kwetu likizo ni Juni na Desemba. Desemba ni vuli ikiishia, na kuanzia tarehe 20 bei hupanda hadi kilele. Juni ndipo mambo yote yanapokutana, hasa kwa mtu wa Kanda ya Ziwa. Mvua zimeisha, majani bado mabichi, watoto wako nyumbani, na kwa kawaida nyumbu huwa wamefika ukanda wa magharibi wa Serengeti, kando ya Mto Grumeti, ambako kuna mamba wakubwa wasiopigwa picha hata robo ya wale wa Mara. Lango la ukanda huo ni Ndabaka, lipo pembeni ya barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma, karibu na Lamadi, mwendo wa saa mbili hivi kutoka Mwanza. Anayeingia hapo halipi Ngorongoro hata senti, hapotezi siku ya kwanza na ya mwisho barabarani, na anaweza kulala Lamadi kwa bei ya nyumba ya wageni ya kawaida. Nyumbu wanaweza kuchelewa au kuwahi wiki mbili, ndiyo. Piga simu langoni wiki moja kabla, askari watakuambia wako wapi.

Hoteli nyingine huanza bei ya juu Juni 1, nyingine katikati ya mwezi, nyingine Julai 1, na tofauti ya wiki moja inaweza kuwa theluthi ya bei. Uliza tarehe hiyo kabla ya kuuliza kitu kingine chochote. Ukiwa unaishi Mwanza, Shinyanga, Simiyu au Mara na una watoto wa shule, chagua wiki ya pili au ya tatu ya Juni, usiku mbili, gari moja kwa familia mbili, kupitia Ndabaka. Ada hailipwi kwa fedha taslimu getini: omba kumbukumbu namba ya malipo, lipa kwa simu au benki, na uwe langoni saa 12 asubuhi linapofunguliwa.